Siku Nsambya Ilipoleta Kalamu

Mwanangu Letaru,

Ukiona nimekungoja hapa kona, nimekupa bahasha hii na kuondoka bila kusema neno, usiogope. Siumwi. Ni kwamba nikifungua mdomo nitaanza mzaha, na jambo lenyewe ukilitia mzaha linaharibika. Kaa kwenye benchi la yule mama wa ndizi za kuchoma, soma, ndipo uingie nyumbani. Usipite bombani kwanza. Pale bombani yuko Mama Brenda, na anayo habari yangu ya leo asubuhi kanisani. Ataieleza vizuri kuliko mimi. Ataongeza hata machozi ambayo sikuyatoa.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho unachokwenda kusomea ualimu, na ili ujue baba yako si mtu wa mchezo. Kila neno lenye r au l nimelitafuta kwenye kamusi yako kabla ya kuliandika. Nimeanza saa saba mchana na sasa ni saa kumi. Mteja mmoja amengojea kiatu chake mpaka akachoka, akaondoka na kimoja. Ukipata kosa humu usilitie wino mwekundu. Mimi ni baba yako, sijawa mwanafunzi wako.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya wanaume wa huko Masindi chuoni kwako, mama yako ameshayasema. Kesho atayasema tena, na basi likianza kuondoka atayasema kupitia dirishani. Mimi siongezi. Ninalo moja tu, nalo linamhusu Mzee Kalamu.

Unamjua tangu hujaota meno. Katekista wetu, Mwalimu Wafula, yule Mkenya aliyekuja na kazi ya reli, kazi ikaisha, yeye akabaki hapa Nsambya kufundisha watoto ishara ya msalaba. Na unajua alivyopata jina la Kalamu, maana hapa kota hakuna asiyejua. Eti zamani aliandika tangazo vibaya, akaweka kalamu mahali pa karamu, watu wakaja kwenye karamu na kalamu mkononi. Umeisikia hadithi hiyo kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye matanga. Unaisimulia na wewe, tena vizuri. Kipaji hicho umekitoa kwangu.

Letaru, hadithi hiyo ni ya uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Meza yangu ilikuwa palepale ilipo leo, nje ya ukuta wa kota za polisi, na nilikuwa kijana mzuri sana, waulize, mashahidi wapo. Shule niliachia darasa la sita. Lakini watu nilikuwa nimewaambia nimefika senior four, yaani kidato cha nne, kwa sababu aliyeniuliza alikuwa mama yako. Zubeda, binti ya sajini kutoka Arua, Mwislamu safi, akija kuteka maji na jerikeni lake la manjano ananitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani. Nikamwambia senior four. Angenitazama kidogo zaidi ningesema chuo kikuu.

Kanisa letu unalijua, halina vioo madirishani, na bomba liko nyuma yake tu. Anayesema pale mbele anasikika bombani. Kwa hiyo koplo aliyekuwa akitusomea matangazo alipohamishwa, na Mwalimu Wafula akauliza ni kijana gani anajua kusoma Kiswahili vizuri, mimi nilisimama kabla hajamaliza kuuliza. Sikusimama kwa ajili ya Mungu. Mungu anajua, tulishaongea.

Jumapili moja Mwalimu alikuwa amepanda hospitalini kuwatembelea wagonjwa, akaniachia karatasi. Ngoja nikuambie habari ya mwandiko wake, kwa sababu wewe hujawahi kuuona. Herufi ndogo, safi, zote zimelala upande mmoja kama askari waliogeuka kulia kwa amri moja. Karatasi ilisema tutamuaga Sista Bernadeta anayehamia Kitgum, na kila nyumba ichangie karamu.

Neno karamu sikuwa nimewahi kukutana nalo. Sherehe naijua. Kalamu naijua. Na sisi Waganda unaujua ulimi wetu, r ikija baada ya a tunaiona mgeni, tunamtoa na kumkalisha l kwenye kiti chake. Nikavuta pumzi, nikasoma kwa sauti ya kufika bombani: "Kila nyumba ichangie kalamu!"

Hakuna aliyeshangaa. Sista Bernadeta alikuwa akifundisha watoto wadogo, na mwalimu akiondoka utampa nini kama si kalamu?

Jumapili iliyofuata Mwalimu Wafula alipanga meza nne ndefu nje ya kanisa na kuzitandika majani ya migomba. Watu wakatoka misani wamependeza, kila mtu na kalamu. Za buluu, nyeusi. Afande mmoja mnene alileta nyekundu, akasema ni ya kusahihishia. Mwingine alileta ya kijani, ile wanayoandikia wakubwa, hatukumuuliza aliitoa wapi. Sista alizikumbatia zote kifuani kama maua, anasema asante, asante, na huku tumbo linamnguruma. Nilikuwa karibu, nililisikia.

"Ndugu zangu," Mwalimu akasema, "chakula kiko wapi?"

"Chakula gani, Mwalimu? Sisi tuliambiwa kalamu."

"Nani aliwaambia?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Na kule nyuma, karibu na bomba, nikaona jerikeni la manjano limewekwa chini ili mwenyewe asikie vizuri.

Ningesema tu, "Nilisoma vibaya." Watu wangecheka, ningecheka nao, tungekwenda kutafuta chakula. Lakini mdomo wangu ukasema, "Mimi nilisoma kilichoandikwa."

Mama mmoja wa Soroti akajaribu kunisaidia. "Labda ni ulimi tu. Hawa Baganda r haiwaingii kabisa."

"Ulimi wangu? Mama, mimi nimefika senior four!"

Mwalimu akaniuliza polepole, "Kizito, ile karatasi iko wapi?"

"Niliitupa."

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu, upande wa moyo. Nilikuwa nimeitunza ili nijisomee nyumbani.

Mwalimu akautazama mkono wake wa kulia. "Basi labda niliandika vibaya," akasema. "Nilikuwa na haraka siku ile." Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, ni cha watu wanaopendana. Lakini mwenye kuchekwa hakustahili.

Aliyetuokoa na njaa ni jaja yako, mama yake mama. Alipoambiwa Wakristo wamekaa mezani na kalamu, alisema, "Sasa hawa watu wataandika njaa yao?" Akatuma masufuria yake: maharage, ugali wa posho, na kuku wawili waliochinjwa kwa ajili ya wageni wake mwenyewe. Nyumba nyingine zikaona haya, kila mlango ukawasha makaa, na ilipofika saa tisa tulikuwa na karamu kubwa kuliko iliyopangwa. Aliyenipakulia ni Zubeda. Akaniwekea paja, akasema, "Kula, senior four." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza ya maana. Wewe umetokea humo.

Sasa unaona ugumu wake. Uongo mwingine unakuletea balaa, unatubu haraka ubaki salama. Huu wangu ulinipa mke. Ningewezaje kuurudisha?

Karatasi nayo sikuweza kuichoma, kwa vile ilikuwa maandishi ya kanisa, nikaogopa. Siku iliyofuata kulikuwa na buti la konstebo mmoja linangojea soli. Nikaikunja karatasi, nikaipaka gundi, nikaitandika ndani, nikafunika na ngozi. Mwezi haukuisha, konstebo akahamishiwa Moroto. Ushahidi uliondoka Nsambya kwa miguu yake wenyewe. Nilijiona mjanja kuliko wote Kampala.

Nilidhani watu watasahau. Hapa kota? Hapa tunakumbuka hata nani alianguka kwenye matope siku ya kipaimara. Watoto wakaanza kumwita Mzee Kalamu, kisha wazazi, kisha na mapadri. Yeye akaitika. Lakini tangu siku ile, kila tangazo akaliandika kwa herufi kubwa, kubwa kama za kwenye ukuta wa duka, tangazo moja linakula karatasi nne. Umeziona mwenyewe mlangoni pa kanisa ukacheka. Alikuwa anaandika vile ili asikoseshe mtu tena.

Na kuna jambo lako wewe, nalo nilikusudia kuzeeka nalo. Ulipozaliwa mama yako alikubali ubatizwe, kwa sharti moja, kwamba jina litoke kwao. Jaja akachagua Letaru, upendo kwa Kilugbara. Jina zuri, lakini angalia mitego iliyomo. Mpaka umefika miaka mitatu mimi nilikuwa nakuita Letalu. Siku ya ubatizo, kitabu kilipofunguliwa, Mwalimu Wafula akanipa kalamu mimi. "Andika wewe, baba wa mtoto. Mkono wangu si wa kuaminika." Kitabu kizima cha miaka iliyopita kilikuwa na mwandiko wake, halafu ghafla ukakoma. Nikaandika. Nikaandika jinsi ninavyosema.

Kwa hiyo cheti chako cha ubatizo kilichosema Letalu, kile ulichonionyesha umenuna na kusema Mzee Kalamu amekuharibia jina, hakukiharibu yeye. Ni baba yako aliyefika senior four.

Na wiki jana ndiyo imenimaliza. Chuo kimetaka barua kutoka kanisani kwamba Letaru na Letalu ni mtu mmoja. Tukaenda wote wawili kwa Mwalimu. Ulimpigia magoti vizuri, ukamsalimia vizuri, nikajisifu moyoni kwamba nimelea. Kisha ukatoa karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta, ukamwambia kwa tabasamu, "Mwalimu, barua iko tayari, wewe weka sahihi tu. Tusije tukapata kalamu nyingine."

Wewe ulitania. Nakujua, hukukusudia. Na yeye alicheka, bambi, maskini, alicheka mpaka mwisho wa kicheko. Halafu akachukua kalamu na kuandika W, halafu A, halafu F, moja moja, kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa mstari. Tulipotoka ukaniambia, "Taata, umeona? Kweli Mzee hajui kuandika."

Nikakujibu, "Ndiyo."

Nimesema uongo mwingi maishani, mwanangu, tena mwingine mtamu sana. Sijawahi kusema mfupi kama huo. Usiku ule sikula, na mama yako akadhani ni huzuni ya wewe kuondoka.

Basi leo, ulipokuwa Lubaga shangazi yako anakushindilia matoke, mimi baada ya matangazo niliinua mkono. Padri wetu huyu kijana akasema, "Fundi, kama ni habari ya viatu vilivyosahaulika mezani kwako, tangazia nje."

"Si viatu, Padri. Ni kalamu."

Watu wakaanza kucheka hata kabla sijasema, neno lenyewe limezoea kuchekwa. Nikaenda mbele. Nikawaambia yote: senior four, mfuko wa shati, buti la Moroto. Nilipofika kwenye buti wengine bado walicheka. Nilipofika kwenye herufi kubwa wakaacha.

Mama Brenda akasimama. "Wewe fundi! Miaka ishirini sisi tunachekea mutu bure?"

Mwalimu Wafula alikuwa benchi la mbele. Masikio yake siku hizi ni ya kuazima, hayasikii vizuri. Akamgeukia jirani yake, "Anasema nini huyu?"

"ANASEMA ULIANDIKA SAWA!"

"Niliandika nini?"

"KARAMU! YEYE NDIYE ALISOMA VIBAYA!"

Mzee akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama juu, akautazama kiganjani, kama mtu aliyerudishiwa kitu na anakagua kama ni chenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kufundishia, "Kizito, umeninyima wino miaka ishirini."

Nikapiga magoti palepale kwenye sementi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema nimesamehewa, watu wakapiga makofi, kinamama wakapiga vigelegele. Ukiishia kwa Mama Brenda, hapo ndipo hadithi itakapoisha.

Haikuishia hapo. Saa sita nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa amekaa mlangoni, hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kushukuru kwa msamaha."

"Ule ulikuwa wa kanisani," akasema. "Watu walikuwa wanatuangalia. Hapa nyumbani bado."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Rudi kesho. Na keshokutwa. Nikimaliza nitakwambia."

Nilikuwa na mzaha mzuri mdomoni, nikaumeza. Nimeinuka kwake nikiwa mwepesi, usiniulize kwa nini. Mtu aliyekukasirikia waziwazi na kukwambia urudi kesho, huyo mnaendelea naye. Nitarudi. Nina soli zake za kubadilisha pia, lakini hizo sitazitaja, asije akadhani nanunua.

Mama yako nilimsimulia nilipofika. Hakuwa kanisani, lakini bombani alishasikia. Alikuwa anakunja nguo zako. Hakuinua kichwa. "Kumbe ndiyo maana," akasema, "hadithi hiyo wewe hujawahi kuicheka. Wewe unayecheka hata kwenye mazishi." Kisha akaendelea kukunja. Baadaye kidogo akauliza, "Na darasa, ulifika la ngapi?" Nikamwambia la sita. Akasema, "Nilijua la tano." Hivyo nimepanda darasa moja katika nyumba yangu mwenyewe, na sikutegemea.

Letaru, utakwenda kusimama mbele ya watoto. Utakosea. Wewe ni mtoto wangu, utakosea kwa sauti kubwa. Mtoto mmoja wa nyuma atainua mkono na kusema, "Mwalimu, si hivyo," na darasa zima litakutazama, na utasikia joto linapanda shingoni. Joto lile nalijua vizuri. Linadumu muda mfupi sana, kama gundi ya moto kidoleni. Mimi nililikimbia, na angalia nimekimbia mpaka wapi, na nimemkanyaga nani. Mjibu tu yule mtoto kwamba kweli, si hivyo. Kisha uendelee na somo.

Sitaki unionee huruma. Bado mimi ndiye fundi bora kuanzia hapa mpaka Kabalagala, hilo halijabadilika, na viatu vyako nimevitia soli mbili. Na wala sijutii ile karamu. Niliwahi kumwuliza Mungu inawezekanaje atoe mema kama hayo kwenye uongo kama ule, Wakristo wanakula kuku wa Waislamu kwa sababu ya mpumbavu mmoja. Sikupata jibu. Nadhani naye alikuwa anacheka. Lakini najua mema yale yalikuwa yake, na ubaya uliobaki, ule wa Mwalimu kuandika kama mtoto, ulikuwa wangu.

Kuna la mwisho. Nilipokuwa naondoka pale kwake, Mwalimu aliniita nikiwa nimeshageuka.

"Na yule mtoto? Anasafiri lini?"

"Kesho, Mwalimu. Basi la saa tatu asubuhi."

Kisha akasema ile sahihi yake kwenye barua yako ni mbaya, haifai kufika chuoni. Akasema anayo karatasi nzuri yenye mistari, na kama unataka atakuandikia barua nyingine yote kwa mkono, jina lako likiwa sawa. Nikasema nitakuleta. Akanikata palepale.

"Usimlete. Na usimtume. Akija kwa sababu wewe umemtuma, nitamtilia saini kwa herufi kubwa."

Kwa hiyo, mwanangu, mimi sikutumi. Mama yako pia nimemkataza. Nakuambia tu kwamba Mzee huamka saa kumi na mbili, hunywa chai ya rangi peke yake, na mlango wake husukumwa tu, hauna komeo.

Ni mimi, baba yako,
Kizito, darasa la sita